Je, Wajua? Jina Moja, Faili Nyingi

Lugha ya programu ya Java ilizinduliwa mwaka 1995 kwa ahadi kubwa: andika programu mara moja, iendeshe popote. Ahadi hiyo ina mwanya. Programu inayochakata picha, kwa mfano, huenda ikahitaji maktaba iliyoandikwa kwa lugha ya C, na maktaba hiyo haihami mashine kirahisi.

Mwandishi wa Java huandika tu System.loadLibrary("picha"). Linux na Solaris zitatafuta libpicha.so, macOS libpicha.dylib, na HP-UX ya zamani libpicha.sl. Amri za kuiunda maktaba hiyo nazo hutofautiana: kompaila ya GCC kwenye Linux hutaka -shared na -fPIC, ya Sun kwenye Solaris ilitaka -G, Mac hutaka -dynamiclib. Kubadili tu jina la faili ili itumike kwenye mfumo mwingine hakusaidii kitu.

Hata simu ya Android sokoni Mbumbuni, kaunti ya Makueni, imo humu, maana Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. Faili moja ya APK, yaani kifurushi cha programu ya Android, huweza kubeba libpicha.so mbili: ya armeabi-v7a kwa vichakataji vya biti 32, na ya arm64-v8a kwa vya biti 64. Tangu Agosti 1, 2019, Google Play haipokei programu mpya yenye maktaba za biti 32 pekee.