Mathari na Ubongo Uliotiwa Mizanini

Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomwadhibu mtu aliyejaribu kujiua kwa kifungo cha hadi miaka miwili, kinakiuka Katiba. Uamuzi huo ni wa haki, na ulichelewa. Uzito wake anauona zaidi anayeijua historia ya Mathari, hospitali ya akili iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910, kwani huko pia mateso ya watu yaligeuzwa kasoro yao.

Miaka ya 1930, Dakt. H. L. Gordon wa Mathari alishikilia kuwa akili ya Mwafrika ina upungufu wa kuzaliwa nao. Ushahidi aliletewa na F. W. Vint, mtaalamu wa maabara ya serikali, aliyepima bongo 100 za maiti za wanaume Waafrika. Mwaka 1934 Vint alitangaza wastani wa gramu 1,276, dhidi ya 1,428 za Wazungu, akadai pia kwamba gome la ubongo wa Mwafrika ni jembamba zaidi.

Gramu hazipimi akili! Uzito wa ubongo hufuata ukubwa wa mwili, na hubadilika kwa umri, lishe na maradhi. Lakini tangu 1933 walowezi walikuwa na chama chao cha kuchunguza "uboreshaji wa mbari", na takwimu za namna hiyo ndizo walizozitamani.

Akaja J. C. Carothers. Alipokabidhiwa Mathari mwaka 1938 alikuwa daktari wa kawaida wa serikali, hajasomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake, ambamo alimfananisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa nyuzi za neva za sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikamwomba aeleze chanzo cha uasi wa Mau Mau wa kudai ardhi, naye akakitafuta ndani ya nafsi ya Mkikuyu, iliyoyumba kati ya mila na usasa. Kilio cha ardhi kikageuzwa dalili ya ugonjwa. Huo ulikuwa udhalimu uliovikwa koti la daktari.

Frantz Fanon, naye daktari wa akili, alimshambulia Carothers waziwazi mwaka 1961. Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alijibu kwa kazi: kuanzia 1954, huko Aro, Abeokuta, wagonjwa walikaa na ndugu zao katika nyumba za wanakijiji, na waganga wa jadi wakashirikishwa katika tiba. Baadaye Lambo akawa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika lile lile lililomchapisha Carothers.

Mahakama imeshughulikia kifungu kimoja. Yaliyobaki ni ya walimu. Vyuo vya Nairobi, Makerere na Muhimbili viwasomeshe wanafunzi maandishi ya Gordon, Vint na Carothers, pamoja na ya Lambo, kabla ya kuwakabidhi dodoso la kwanza la kupimia akili ya mtu.