Etiketi ya kijani haitoshi: tuulize nani aliandika



Kila musimu dawa za kuua majani zinaingia sokoni na maneno matamu: "haiharibu udongo", "inaoza yenyewe", "rafiki wa mazingira". Wazee walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kampuni kujisifu kwamba inalinda mazingira, na kumbe kazi yake haibadiliki, ni sawa na kupaka chokaa juu ya ukuta wenye nyufa.

Mara nyingi hila ya pili inatembea pamoja na hiyo: kuwasukuma kwa siri wataalamu na wenye kutunga sheria. Kwenda kuona wakubwa si kosa. Sisi pia tunaenda kwa mkubwa wa teritware kuomba barabara itengenezwe. Lakini tunaenda tukijulikana, na jina la koperative liko juu ya barua. Ubaya unaanza pale mwenye kusema anaficha nani amemutuma.

Tuangalie mufano mumoja: Roundup, dawa ya majani yenye glifosati, ya kampuni Monsanto ya Marekani. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Bayer ya Ujerumani mwaka wa 2018.

Maneno ya etiketi

Matangazo ya Roundup yalifikia kuilinganisha na chumvi ya mezani. Mwaka wa 1996, mwanasheria mkuu wa jimbo la New York aliyafuatilia. Monsanto ikakubali kuacha maneno ya namna hiyo kule na kulipa dola 50.000.

Ufaransa, chama cha wakaaji wa Bretagne chenye kulinda maji na mito kilishitaki mwaka wa 2001. Etiketi ilisema dawa inaoza na kuacha udongo safi. Tribinali ya Lyon ikaangalia majaribio ya kampuni yenyewe: kisha siku 28, kiasi chenye kuoza kilikuwa asilimia 2 tu. Mwaka wa 2007 Monsanto ilihukumiwa kulipa euro 15.000. Tribinali ya juu kabisa ilihakikisha hukumu hiyo mwaka wa 2009.

Kalamu yenye kujificha

Mwaka wa 2015, ofisi ya kansa ya Shirika la Afya Duniani ilisema glifosati yaelekea kuleta kansa kwa watu. Wagonjwa Marekani wakashitaki, na kampuni ikalazimishwa kuleta barua zake za ndani. Mwaka wa 2017 nyingi zikawekwa wazi. Katika moja, mukubwa mumoja wa kampuni alitoa shauri kwamba wao ndio waandike utafiti, kisha wataalamu wa inje wasahihishe tu na kutia majina yao. Akakumbusha kwamba ni vile walifanya kwa andiko la mwaka wa 2000. Kampuni ilikana kosa, lakini mwaka wa 2025 gazeti la kisayansi lililotoa andiko hilo lililiondoa.

Mwaka ule wa 2017, Bunge la Ulaya liliwafungia milango wajumbe wa Monsanto, sababu kampuni ilikataa kuja kujibu maulizo. Na mwaka wa 2021, Ufaransa iliitoza euro 400.000. Kosa lilikuwa hili: watu zaidi ya 200, kati yao wanasiasa na waandishi wa habari, waliandikwa kwa liste pamoja na maoni yao, bila wenyewe kujulishwa.

Tusidanganyane: wataalamu hawajakubaliana wote. Ofisi za serikali Marekani na Ulaya zinasema glifosati haielekei kuleta kansa, na mwaka wa 2023 Umoja wa Ulaya uliiruhusu miaka 10 tena. Lakini kama muuzaji ndiye anaandika ushuhuda na mwingine anatia jina, mukulima atajua ukweli namna gani? Mwenye kupumua dawa hiyo ni yeye, na maji ya kisima ni ya watoto wake.

Sisi tufanye nini?

- Tusome etiketi yote kabla ya kununua, si picha ya mbele tu. Kama ni lugha tusiyoijua, tuombe agronomi aielezee mbele ya wote.
- Muuzaji akisema "imejaribiwa", tumuulize: wapi, na nani alilipa?
- Ahadi iwe kwa maandishi, na tarehe na sinyatire. Tuchunge fakture na etiketi, hata bidoni ikiisha.
- Mugeni wa kampuni akiona komite, aandikwe ndani ya buku la mikutano, pamoja na zawadi aliyoacha: kofia, mafuta ya moto ao pesa ya safari.
- Dawa ikidhuru watu, samaki ao mimea, tuandike siku, shamba na jina la dawa, kisha tupeleke neno kwa wakubwa kwa jina la koperative. Tuseme tulichoona, bila kuongeza.
- Hata kama etiketi inasifu namna gani, tuvae glove na kitu cha kufunika pua, na tusisafishe pompe mtoni.

Wale wa Bretagne walishinda sababu walikuwa na etiketi mkononi, na kartasi za kampuni yenyewe zikaisema. Kwa mukutano wenye kuja, kila koperative ifungue buku la dawa: jina, muuzaji, tarehe na maneno aliyoahidi.