Fahamu: Kwa nini mkeka mrefu huifaidi kampuni ya kubeti

Mwishoni mwa wiki, raundi kamili ya Ligi Kuu ya England ina mechi 10, na zikijumlishwa na ligi za Hispania, Italia na za nyumbani, mikeka (tiketi za kubeti mechi kadhaa kwa pamoja) hujaa. Kabla hujaweka pesa, fahamu hesabu yake.

Kampuni hupataje faida?
Chukua dau lenye matokeo mawili yenye nafasi sawa. Odi (namba inayozidisha dau lako ukishinda) ya haki ingekuwa 2.00 kila upande, lakini kampuni hutoa, kwa mfano, 1.90. Watu wawili wakiweka Sh1,000 kila mmoja pande tofauti, mshindi hulipwa Sh1,900. Sh100 hubaki kwa kampuni, timu yoyote ishinde.

Mkeka wa mechi 10 je?
Makato hayo hujirudia kila mechi. Ikiwa kila mechi ina dau kama hilo la nafasi sawa, nafasi ya kupatia zote 10 ni 1 kati ya 1,024, ila Sh1,000 yako italipwa takriban Sh613,000, si Sh1,024,000. Kwa wastani, kampuni hubaki na asilimia 40 badala ya 5.

Kuuza mkeka mapema?
Kampuni nyingi huruhusu uchukue pesa mechi zikiendelea. Bei hupangwa na kampuni yenyewe, na mara nyingi huwa na makato mengine.

Nchini Tanzania na Kenya, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti. Kwa mtu mzima, ushauri ni huu: usiguse kodi, ada wala mkopo. Kubeti si kazi wala akiba.