Picha ya Mfungwa wa Nyeri

Katika nyumba zetu, Nsemulwa na kwingineko, picha ya marehemu hutundikwa ukutani, na kaburi lake twalijua lilipo. Tazameni sasa picha ya mtu ambaye jamaa zake walibakiwa na picha bila kaburi.

Ni Dedan Kimathi wa Kenya, jemadari wa Mau Mau. Alipigwa risasi na kukamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba, 1956. Amelazwa juu ya machela, mikono ina pingu, nywele ndefu zimesokotana. Serikali ya kikoloni iliieneza picha hiyo ili watu waone kwamba mkuu wa msituni amekwisha. Kumbe! Wajukuu wao wameichapa kwenye fulana.

Mahakama ilimhukumu kifo kwa kosa la kuwa na bastola, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari, 1957. Siku moja kabla, alimwandikia barua Padre Marino wa misioni ya Nyeri. Pichani ni mhalifu aliyeshindwa. Katika barua ni baba wa watoto, aomba mwanawe asomeshwe, tena amfikiria mama yake mzee. Kwa maoni yangu, mwenye kuionyesha picha aisome na barua.

Alizikwa gerezani, kaburi halina alama. Mkewe, Mama Mukami, aliomba miaka mingi apewe mifupa akaizike nyumbani. Mwaka 2007 Nairobi ilimsimamishia mumewe sanamu. Mama Mukami alifariki Mei 2023, mifupa hajapewa.