Kifungu 220: watoto wajue juu ya nini kiliandikwa

Ku masomo watoto wanajua tarehe: 30 juni 1960, uhuru, 24 novemba 1965, Mobutu anakamata utawala. Ukiwauliza nini ilifuata, wananyamaza. Wazee pia wananyamaza, maana historia hii inatugusa sisi wenyewe.

Mobutu alitawala miaka 32. Wakati wa MPR kila mutu alihesabiwa memba wa chama toka kuzaliwa, apende asipende. Hakufanya vile peke yake: kulikuwa wenye kumuandikia sheria, na wazazi wetu walimuchezea na kumupigia makofi.

Njo maana katiba ya 2006 iliweka kifungu 220: hesabu ya mihula ya rais na urefu wake haviguswi.

Oktoba 2024, Rais Tshisekedi alisema kule Kisangani kama ataunda tume ya kutayarisha katiba mupya. Toka pale tumegawanyika. Upande wa rais wanasema ile ya sasa iliandikwa na wageni, haifai tena kwa inchi. Wapinzani wanaona mulango wa muhula wa tatu.

Mwalimu anaogopa: akifundisha hayo, ataitwa mupinzani. Lakini kueleza juu ya nini ukuta ulijengwa si kuamuru ubomolewe ao ubaki. Mutoto wa leo njo mwenye kupiga kura kesho. Kama hajue makofi ya wazee yalileta nini, naye atapiga yake vilevile.