Bando likipanda, tumlilie nani?

Wadau, leo tuweke pembeni mbinu za kupiga picha bidhaa. Tuongelee bando, maana kwetu ndiyo kodi ya fremu. Mimi huku Tongoni nauza dagaa na ng'onda kwa WhatsApp. MB zikiisha, duka limefungwa.

Makampuni ya simu yanasimamiwa na TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Hakuna aliyewapigia kura. Mwenyekiti wa bodi na makamu wake wanateuliwa na Rais. Ndiyo maana wapo wanaosema watu tusioweza kuwatoa kwa kura wasiguse bei zetu.

Mnaikumbuka Aprili 2, 2021, Ijumaa Kuu ile? Kanuni mpya za vifurushi zilianza siku hiyo, na kwenye karatasi zilikuwa nzuri tu: unamhamishia mwenzako MB, na ukinunua tena kifurushi kile kile kabla muda haujaisha, zilizobaki hazipotei. Bei ya MB moja ikawekewa mipaka, Sh2.03 hadi Sh9.35. Kumbe pesa ile ile sasa inaleta MB chache kuliko jana yake! Kelele zikapigwa nchi nzima, na kabla Pasaka haijafika Serikali ikasitisha bei mpya. Waziri wa mawasiliano wakati huo, Dk. Faustine Ndugulile, alikuwa mbunge wa Kigamboni. Mbunge anajua kura zinatoka wapi.

Hata hivyo mimi sitaki bei ipangwe na wanasiasa. Wataishusha karibu na uchaguzi, halafu kampuni gani italeta mnara kijijini kwa hasara? Acha TCRA ipime na iadhibu, ila iwe na wa kuihoji. Kisheria wapo: kuna baraza la watumiaji, TCRA CCC, lipo kwa ajili yetu. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaishia kulalamika kwenye status.

Kwa hiyo bando likiyeyuka kiajabu, piga skrinishoti ya salio, andika tarehe, saa na jina la kifurushi. Anza na kampuni yenyewe, uombe namba ya malalamiko. Wakikuzungusha, peleka TCRA. Usiporidhika na uamuzi wao, rufaa inakwenda Baraza la Ushindani. Na TCRA wakitangaza kukusanya maoni kuhusu kanuni, tuma yako hata mistari mitatu. Makampuni hayakosi kutuma yao.