Moyo unadunda na hujakimbia? Muulize daktari kuhusu thairoidi

Umeketi tu kibandani pale Sugoi ukingoja chai, lakini moyo unadunda kama wa mtu aliyekimbia hadi Turbo. Mikono inatetemeka. Suruali inalegea kiunoni na chakula unakula vizuri tu. Nyumbani wanasema ni stresi ya kutafuta kazi. Huenda. Lakini pia huenda ni thairoidi, tezi ya shingoni yenye umbo la kipepeo inayoamua mwili wako uende kwa kasi gani.

Kipimo cha damu hutangulia. Kikionyesha homoni imezidi, bado kuna swali: tezi inatengeneza nyingi kupita kiasi, au imevimba na inavujisha tu akiba yake? Si swali dogo. Ya kwanza hutibiwa kwa dawa za kuizuia tezi. Ya pili dawa hizo haziisaidii, na mara nyingi hupoa yenyewe.

Tezi hutengeneza homoni kwa iodini, ile ile inayotiwa kwenye chumvi ya dukani ili tusiote rovu. Basi unameza tembe yenye iodini kidogo inayotoa mionzi. Tezi haijui tofauti, inaifyonza. Baada ya saa 4 hadi 6, na tena baada ya saa 24, kifaa huwekwa karibu na shingo. Hakikupigi mionzi, kinahesabu inayotoka kwako. Kufikia siku ya pili, tezi nzima huwa imefyonza kama asilimia 10 hadi 30. Ikipita hapo sana, huenda una ugonjwa wa Graves. Ikikaribia sufuri, pengine inavujisha.

Mionzi yenyewe haikai: Iodini-123 hupungua nusu kila saa 13. Ila kama una mimba, hata ukishuku tu, au unanyonyesha, sema mapema. Sema pia kama juzi ulipigwa CT scan ukadungwa dawa ya kung'arisha picha. Dawa ile ina iodini tele, na tezi iliyoshiba itadanganya kipimo.

Sasa safari. Si kila hospitali ina kitengo cha tiba ya nyuklia. Nairobi kipo, mfano Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kutoka Sugoi hiyo ni nauli, na lazima ulale huko usubiri saa 24 ziishe. Kwa hivyo kabla hujakata tiketi, muulize daktari kama kipimo cha damu cha antibodi za Graves kinaweza kukujibu. Wengi huwatosha.